Kufa ganzi si kitu ya kuzoea

Mafundisho yaliyotolewa kwa wanamemba wa chama chetu cha kusaidiana, Simi-Simi, Kisangani. Tumeyaandika gisi yalivyosemwa, tumepunguza tu marudio.

Ninyi vijana mulioketi kule nyuma karibu ya mulango, mimi naonaka gisi munafanyaka: likelemba ikishahesabiwa, munatoka. Leo mubaki kidogo, juu hii habari inawaangalia ninyi pia.

Komite imeniomba niseme juu ya mishipa. Sasa huku kwetu ukisema "mishipa", kila mutu anasikia kitu chake. Mumoja anawaza mishipa ya damu, ile inayosimama kwa mikono ya wabeba mizigo. Mwingine anawaza ule ugonjwa wa wanaume wa kupasuliwa, na ameshaanza kucheka, ninamuona. Mishipa ya leo ni ile ya fahamu, ile Wafaransa wanaita nere. Ni kama nyuzi. Zinatoka kwa ubongo na kwa uti wa mugongo, zinapita ndani ya mwili mupaka kwa ncha ya kidole. Zina kazi tatu. Zinapeleka habari: hapa ni moto, hapa ni mwiba. Zinaleta amri: inua muguu, funga jicho. Na ya tatu, watu wengi hawaijui: zinatoa jasho, ili ngozi isikauke na kupasuka.

Uzi ukiharibika, shida ni kwamba mara nyingi hakuna maumivu. Kidonda chenye kuuma kinakufukuza usiku kwenda kwa muganga. Kisichouma, unakaa nacho nyumbani, unapika nacho, unalima nacho.

Kuna mama mumoja, si wa chama hiki, nilimuhudumia kwa santre. Kwa muda wa miaka majirani walimusifu: "Yule mama iko na mikono ya nguvu, anatoaka sufuria kwa mbabula bila kitambaa." Naye alifurahi. Siku moja anapika lituma, akashika sufuria, akaisimamisha pale akiongea na watu. Watoto ndio walisikia harufu ya nyama inayoungua mbele ya yeye mwenyewe. Alipofika kwetu vidole viwili vya mukono wa kuume, kile kidogo na kinachofuata, vilikuwa vimejikunja tayari. Ilikuwa maba. Kwa Kiswahili cha kitabu ni ukoma.

Najua. Jina hilo likitajwa, watu wanasogeza kiti. Mubaki kwa viti vyenu.

Kwa nini naanza na maba, na hapa mujini tunaona zaidi malaria na tifoidi? Juu ya historia yetu sisi. Katika chama hiki kuna waliorudi kutoka Uganda, kuna waliotoka ndani ya pori, kuna waliovuka mto mwaka 2023 wakati wa mapigano ya Mbole na Lengola kule Lubunga, wakalala kwa masiti, kisha wakarudia. Sitafungua ile habari hapa. Ninasema tu kwamba mutu aliyekimbia hakupimwa, na aliyekuwa anameza dawa aliikatisha. Na ule mududu wa maba hauna haraka. Kutoka siku uliingia mwilini mupaka alama ya kwanza inaweza kupita miaka mitano, na kwa wengine ishirini na zaidi. Kwa hiyo usiniambie: "Mimi niko hapa Simi-Simi siku mingi, hiyo ni magonjwa ya kule pori." Unaweza kuwa uliileta katika furushi lako na bado hauijui.

Wazee wa huku wanajua kwamba hii si kitu ya jana. Mukifuata barabara hii ya Yangambi, munafika Yakusu. Pale mwaka 1936 alifika muganga Mwingereza, Stanley Browne, akafanya kazi mupaka 1959, na wagonjwa wa maba walikuwa na kijiji chao Yalisombo. Wakati ule ilikuwa hivyo, watu wanatengwa. Leo hakuna haja ya kijiji, mugonjwa anabaki nyumbani kwake na dawa yake. Mwisho wa 2007 walitangaza kwamba Kongo imefikia kiasi cha Shirika la Afya Duniani, yaani mugonjwa chini ya mumoja kwa watu 10,000. Wengi wakasikia "imekwisha". Haikukwisha. Inchi yetu ingali inapata wagonjwa wapya zaidi ya elfu moja kila mwaka, na Tshopo wamo. Dunia mzima, mwaka 2023, waliandika wapya zaidi ya 180,000.

Bon. Alama.

Ya kwanza ni doa. Kwa ngozi yetu linakuwa jeupe kidogo kuliko ngozi iliyobaki, ao jekundu sawa shaba. Haliwashi. Haliumi. Ukioga halitoki, na dawa ya upele mutapaka mupaka kopo iishe, litabaki. Mara nyingine nywele zimepotea pale juu, na unapolima jua kali, fasi yote inatoka jasho, pale panabaki pakavu. Lile linalowasha na kukwaruzwa, mara nyingi ni kitu kingine, punye ao ukurutu. Doa ulilozaliwa nalo pia si kitu. Sisi tunatafuta doa ambalo halisikii.

Namna ya kujua ni rahisi, mama anaweza kumupima mutoto nyumbani, lakini mchana, fasi yenye mwangaza, si na torshi. Chukua pamba kidogo, isokote iwe na ncha. Mbele mutu aangalie, gusa ngozi nzuri, mwambie: "Kila fasi nitakapogusa, wewe onyesha na kidole." Akishaelewa, afunge macho. Gusa hapa, gusa pale, gusa ndani ya doa. Usipakase, gusa tu. Usimuulize "unasikia?", juu watoto wanasemaka ndiyo ili mufurahi. Kama anaonyesha fasi zingine zote lakini ndani ya doa haonyeshi, usitafute alama nyingine. Kesho asubuhi ni santre. Kwa mikono na nyayo, ngozi ni nzito, tunatumia ncha ya biki, unaigusisha polepole.

Lakini kuna watu hawana doa lenye kuonekana, mishipa yao ndiyo inasema. Hapa ninataka kukaa, juu hapa ndipo tunachelewa.

Mukunje mukono, mushike kiwiko, upande wa ndani, katika ule mufereji kati ya mifupa. Munasikia kamba? Ukiigonga inatuma moto mupaka kwa kidole kidogo. Ndiyo ule. Kwa mutu muzima ni laini na pande zote mbili ni sawa. Ukiona upande mumoja umekuwa munene sawa kamba ya kufungia mbuzi, ao ukigusa unaruka kwa maumivu, hiyo ni alama. Mushipa ule unalisha kidole kidogo na jirani yake. Ukianza kufa, mambo yanaanza madogo madogo: huwezi kufunga kifungo cha shati, chumvi inapita kati ya vidole, unahesabu franka zinaanguka. Mupime hivi: vidole vyote vinyooke na vibanane, mwenzako aweke karatasi kati ya kidole kidogo na kinachofuata, aivute. Kama inatoka bila wewe kuishika, linganisha na mukono mwingine.

Mwingine unapita katikati ya kifundo cha mukono, unasimamisha kidole gumba. Weka mukono chali juu ya meza, inua gumba kuelekea mbinguni, mwenzako alisukume chini. Linapaswa kukataa.

Kwa muguu, kuna mushipa unaozunguka nje ya goti, chini kidogo, pale kwenye kichwa cha mufupa mwembamba. Ukiharibika, huwezi kuinua nyayo. Mutu anaanza kutembea akiinua goti juu sana, na ncha ya kiatu inakwaruza udongo. Kuna alama moja ya huku kwetu: babushi. Mutu anatembea, babushi inabaki nyuma, yeye anaendelea, mupaka mutoto anamuita: "Papa, kiatu yako!" Wanacheka. Mie sichekake tena. Anayepoteza babushi bila kusikia, nyayo yake imekufa, na mushipa wake uko ndani ya kifundo cha muguu, nyuma ya ule mufupa.

Na jicho. Mwambie mutu afunge macho kama amelala, polepole. Kama moja linabaki na nafasi nyeupe, vumbi na nzi vinaingia usiku na mchana, na jicho lenyewe halisikii. Hapo mutu anaweza kupofuka.

Sasa, wakati. Hii muiandike, hata kama hamuandiki kitu kingine. Mukono ao muguu ambao umepoteza nguvu ao usikivu chini ya miezi 6, waganga wana dawa ya kupoza mushipa, prednizoni, na mara nyingi kitu kinarudi, si kila mara, si chote. Miezi 6 ikishapita, mara nyingi hakirudi tena. Dawa ya maba itaua mududu hata baada ya miaka kumi, lakini mushipa uliokufa haiufufue. Kwa hiyo mutu anayeniambia "nilikuwa nangoja mavuno" ao "nilikuwa nangoja zamu yangu ya likelemba", ninahesabu vidole vyake katika kichwa changu.

Hiyo prednizoni msiinunue kwa farmasi ya soko. Najua wengine wanaijua, yeye na ndugu yake deksametazoni, juu ya kunenepa. Hapa hatunenepeshi mutu. Inatolewa kwa miezi, kipimo kinashuka kidogo kidogo, na kuikata ghafula ni hatari. Kisukari kinapanda, presha inapanda, na kifua kikuu kilicholala kinaamka. Mbele ya kuitoa tunapima vitu hivyo.

Juu ya dawa ya maba yenyewe. Ni dawa tatu katika pakiti: rifampisini, dapsoni, klofazimini. Ni bure. Tangu 1995 inatolewa bure dunia mzima. Mutu akikuomba pesa kwa ile pakiti, uje uniambie mimi ao rais wa chama. Mwenye madoa matano ao chini, miezi 6. Zaidi ya hayo, miezi 12. Vidonge vya kila siku nyumbani, na mara moja kwa mwezi unameza mbele ya muganga. Mukojo utakuwa mwekundu siku ile, ni rifampisini, si damu. Ngozi inaweza kuwa nyeusi zaidi, ni klofazimini, na inarudi polepole dawa ikiisha. Nasema haya juu wamama wawili waliacha dawa sababu ya rangi tu. Watu waliwauliza kama wamelogwa.

Na wale waliokatisha njiani. Ninajua mumo humu. Mulikimbia na watoto mukononi, nani angekumbuka pakiti? Hakuna anayekuja kukugombeza. Pakiti 12 zinaweza kumezwa ndani ya miezi 18, na pakiti 6 ndani ya miezi 9, kwa hiyo kama umekosa mwezi mumoja ao miwili, unaendelea. Ikizidi pale, muganga atakuangalia upya na pengine utaanza tena. Ile karata yako kama ilibaki kwa moto, kuja bila karata.

Kitu kingine kinawachanganya watu: unameza vizuri, ao umeshamaliza hata mwaka, na ghafula madoa yanavimba na kuwa mekundu, kiwiko kinauma usiku, mukono unalegea kwa siku mbili. Watu wanasema dawa imekataa. Hapana. Ni mwili wenyewe unapigana na wadudu, hata na wale waliokufa, na mapigano yanafanyika ndani ya mushipa. Hapo ndipo mushipa unaharibika haraka kupita yote. Usiache dawa ya maba, na usilale nyumbani siku nyingine. Siku ile ile, santre.

Nimesikia kwamba katika mukutano uliopita mutu alipendekeza kwamba mwenzetu fulani asipike tena siku za kilio, na asishike sanduku. Sikuwako. Namna mimi nafahamu mambo, ni hivi: maba inapita kwa pumzi, kwa mutu ambaye hajapata dawa, na watu waliokaa naye karibu muda murefu, nyumba moja, miezi na miezi. Kusalimiana, kula sahani moja, kushika franka zake, havikupi maba. Watu wengi sana mwili wao unajikinga wenyewe. Na anayemeza dawa, kwa muda mufupi tu haambukizi tena mutu. Kwa hiyo ninayemuogopa ndani ya chumba hiki si yule mwenye pakiti mufukoni. Ni yule anayevaa mikono mirefu jua kali ili watu wasione doa, juu amesikia yale maneno ya mukutano uliopita. Na huyo, nani alimufundisha kuficha? Komite itajibu. Mimi ni muganga tu, lakini chakula chake nitakula.

Mzee mumoja ameniuliza mbele ya kuanza kama kila ganzi ni maba. Hapana, mzee, asante kwa swali. Ganzi inayoanza kwa nyayo zote mbili sawa sawa, sawa sungusungu wanatembea, kisha inapanda kama soksi, mbele tunapima sukari. Anayekunywa lotoko kila siku na kula kidogo, anapata vile vile. Anayemeza dawa za kifua kikuu pia, juu ya izoniazidi. Aseme kwa muganga, kuna vitamini B6, lakini asiache dawa za kifua. Mutoto aliyepigwa sindano kwa tako na tangu siku ile anavuta muguu mumoja, ni sindano iligusa mushipa. Ndiyo sababu mimi sikubali sindano za mulango kwa mulango. Na konzo, ile waliijua zamani kule Kahemba: miguu yote miwili inakakamaa kwa siku moja, baada ya wiki za kula muhogo muchungu uliolowekwa haraka. Konzo haiondoi usikivu, inaondoa mwendo, shida iko juu, kwa njia za ubongo. Wakati wa kukimbia tulikuwa tunaloweka usiku mumoja tu, njaa inasukuma. Sasa tumerudi, muloweke siku tatu.

Kwa wale ambao mukono ao muguu umeshakufa na hautarudi: kazi iko. Kila jioni, nyayo ndani ya maji baridi dakika 20 mupaka 30, zisuguliwe na jiwe laini pale penye ugumu, kisha mafuta juu ya ngozi ikingali na maji. Mawese yanafaa, hakuna haja ya kununua ya duka. Angalia nyayo na macho kila siku, juu zenyewe hazitakuambia, na kama huwezi kujikunja, mutoto aangalie. Sufuria na kitambaa, siku zote. Kiatu chenye chini ngumu na ndani laini, kisiwe na misumari. Kijiti cha jembe siku ya salongo, kifunge na kipande cha kikwembe. Na mulale ndani ya musikitero yenye kupachikwa vizuri chini ya godoro. Si kwa umbu tu. Panya wanakula vidole visivyosikia, mutu analala, asubuhi anaona damu kwa shuka. Nimeona zaidi ya mara moja.

Mama mumoja ameuliza polepole kama ni ulozi. Mama, mududu wake ulionekana mwaka 1873 kule Norvège, muganga Hansen aliuona kwa mikroskopi, na kule Norvège hakuna mulozi wa ukoo wako. Anayekuomba mbuzi ili aondoe doa, doa litabaki, mbuzi itaenda, na miezi 6 inahesabika.

Siku ya tatu asubuhi nitakuwa kwa santre na pamba na biki. Anayetaka kupimwa aje na watu wote wa nyumba yake, watoto pia, bila kueleza kwa mulango amekuja juu ya nini. Mweka hazina amekubali: sanduku italipa toleka kwenda na kurudi kwa wale wasioweza kutembea, na majina hayataandikwa kwa kitabu, ni hesabu ya franka tu.